Jina na Kitu: Boridi za Urani na Mipaka ya Uundaji wa Majina ya Kampaundi katika Kiswahili

1.0 UTANGULIZI

Mwaka 1789 mkemia Mjerumani Martin Heinrich Klaproth alitangaza kwamba amegundua elementi mpya. Aliipa jina la urani, kwa kufuata jina la sayari iliyokuwa imegunduliwa miaka minane kabla ya hapo. Unga mweusi alioupata maabarani mwake aliudhani kuwa ndio metali yenyewe. Mwaka 1841 Mfaransa Eugène-Melchior Péligot alithibitisha kwamba unga ule ulikuwa oksidi, naye ndiye aliyeitenga metali ya urani kwa mara ya kwanza. Kwa muda wa miaka 52, basi, jina la metali lilikuwa limebebwa na kampaundi yake, wala hapana aliyeona kasoro.

Kisa hiki kinawahusu wanaistilahi kama kinavyowahusu wanakemia. Kinatuonyesha kwamba jina laweza kuwa sahihi kisarufi, likakubalika na wote, na bado likamficha msomaji kitu chenyewe. Makala haya yanauliza swali moja lililo karibu na kisa hicho: jina la kampaundi, kama linavyoundwa katika Kiswahili, linampa msomaji kiasi gani cha ukweli kuhusu kampaundi hiyo? Ili kulijibu, tumechagua kundi moja dogo la kampaundi, yaani boridi za urani. Hizi ni kampaundi za urani, ambayo ni elementi nururifu, na boroni, ambayo si metali kamili wala haiko mbali sana na metali. Tumezichagua kwa sababu zinaujaribu utaratibu wetu wa kuunda majina mahali pale ambapo utaratibu huo ni dhaifu.

Msomaji asidhani kuwa mada hii iko mbali na wazungumzaji wa Kiswahili. Mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomu, uko Katanga, nchi ya wasemaji wa Kiswahili. Nchini Tanzania, mashapo ya urani ya Mto Mkuju yako katika Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma, na mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous kama eneo la urithi wa dunia ulirekebishwa kwa ajili yake. Watu wanaoishi karibu na mashapo hayo wanazungumza juu ya urani kwa Kiswahili. Ni haki yao kuwa na maneno yanayotofautisha mwamba, metali na kampaundi. Maneno "madini ya urani" peke yake hayatofautishi.

2.0 UTARATIBU ULIOPO

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, iliimarisha njia ambayo sasa imezoeleka. Majina ya kimataifa hutoholewa kwa kufuata silabi za Kiswahili. Kampaundi ya elementi mbili hutajwa kwa jina lililotoholewa la elementi ya pili, kisha kihusishi cha -a, kisha jina la elementi ya kwanza. Hivyo tunapata kloridi ya sodiamu, oksidi ya chuma, na kwa mfano huohuo boridi ya urani.

Pale ambapo elementi mbili huunda kampaundi zaidi ya moja, njia mbili hutumika. Ya kwanza ni kutaja hali ya oksidisho ya metali kwa tarakimu za Kirumi, kama katika oksidi ya chuma (III). Ya pili ni kutaja idadi ya atomu kwa viambishi vya asili ya Kigiriki, kama katika dioksidi ya kaboni. Mwanafunzi huzoea kuziona njia hizi kuwa ni sura mbili za jambo moja, kwa kuwa katika oksidi na kloridi idadi ya atomu na hali ya oksidisho huenda pamoja. Katika dioksidi ya urani, UO₂, kila atomu ya oksijeni huhesabiwa kuwa na chaji hasi mbili, na kwa hiyo urani ina chaji chanya nne. Jina linamwezesha mwanafunzi kukokotoa kemia ya kitu.

Sasa mwanafunzi huyo apewe boridi za urani. Zinazojulikana vyema ni tatu: UB₂, UB₄ na UB₁₂. Akiichukulia boroni kuwa na chaji hasi tatu, kwa kuwa valensi yake ya kawaida ni tatu, atapata kwamba urani ina chaji chanya 6 katika ya kwanza, 12 katika ya pili, na 36 katika ya tatu. Ilhali atomu ya urani ina elektroni sita tu za kushiriki katika muungano wa kikemia. Hesabu ya kwanza inaonekana kuwezekana, ya pili haiwezekani, na ya tatu ni kichekesho. Kosa si la mwanafunzi. Kosa ni la mlinganisho uliojificha ndani ya jina: kwa kuwa diboridi imeundwa kama dioksidi, amedhani kwamba vitu vyenyewe navyo vimeundwa hivyo.

3.0 BORIDI ZA URANI ZILIVYO

Ili kuuona ukweli hapana budi kuacha kuhesabu chaji na kuangalia mpangilio wa atomu katika fuwele. Tofauti kubwa kati ya boridi na oksidi ni hii: katika dioksidi ya urani, atomu za oksijeni hazikushikamana zenyewe kwa zenyewe, kila moja imezungukwa na urani. Katika boridi, atomu za boroni zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, zikajenga umbo, na urani ikakaa ndani ya umbo hilo. Kadiri boroni inavyozidi, ndivyo umbo linavyozidi kujifunga.

(a) Diboridi, UB₂. Boroni imejipanga katika matabaka bapa ya pembesita zilizounganika, mfano wa sega la nyuki. Kila atomu ya boroni imeshikana na boroni nyingine tatu kwa umbali wa nanometa 0.18 hivi. Urani imekaa kati ya tabaka na tabaka, juu ya kitovu cha kila pembesita, hata ikawa na boroni 12 kandokando yake, sita chini na sita juu. Mpangilio huu ni uleule wa diboridi ya alumini, na pia wa diboridi ya magnesi, ambayo mwaka 2001 iliwashangaza wanafizikia ilipotangazwa nchini Japani kuwa hupitisha umeme bila ukinzani kwenye halijoto ya Kelvini 39.

(b) Tetraboridi, UB₄. Hapa boroni hazimo tena katika matabaka. Baadhi zimeungana sita sita katika maumbo ya nyuso nane, na maumbo hayo yameunganishwa kwa jozi za boroni hadi kuwa mtandao wa pande zote. Urani imepangwa katika njia zinazopita ndani ya mtandao huo. Muundo huu ulielezwa mwaka 1953 na Allan Zalkin na David H. Templeton, pamoja na tetraboridi za thori na seri.

(c) Dodekaboridi, UB₁₂. Boroni zimeungana 12 kwa 12 katika maumbo yenye nyuso 14. Vikundi hivyo vimepangana na urani kama kloridi na sodiamu zinavyopangana katika chumvi ya mezani, na kila urani imefungiwa katika kizimba cha boroni 24.

Tarakimu zinaonyesha matokeo ya mabadiliko hayo. Densiti ya diboridi ni takriban gramu 12.7 kwa sentimeta moja ya ujazo, ya tetraboridi ni takriban 9.4, na ya dodekaboridi ni takriban 5.9. Kwa tungamo, urani ni karibu asilimia 92 ya diboridi, asilimia 85 ya tetraboridi na asilimia 65 ya dodekaboridi. Vitu hivi vitatu vinatofautiana mno. Anayesema "boridi ya urani" bila kuongeza neno amewataja ndugu watatu kwa jina la ukoo, asiseme anamwita yupi.

Tena ukoo mmoja haufanani na mwingine. Thori, elementi nururifu iliyo jirani ya urani katika jedwali la elementi, ina tetraboridi na heksaboridi zinazojulikana sana, lakini haina diboridi ya kawaida. Atomu ya thori ni kubwa kuliko ya urani, na ukubwa wa atomu ya metali ni miongoni mwa mambo yanayoamua ni umbo gani la boroni litakaloweza kuipokea. Katika boridi, basi, nafasi ina neno kubwa pale ambapo katika oksidi tungeuliza chaji kwanza.

4.0 UTENGENEZAJI NA TABIA

Boridi za urani zaweza kutengenezwa kwa kuyeyusha elementi zenyewe pamoja katika tanuri la tao la umeme, ndani ya gesi ya agoni isiyoingiliana nazo kikemia. Njia nyingine huanza na dioksidi ya urani, ambayo huchanganywa na kabidi ya boroni na kaboni, kisha mchanganyiko huo hupashwa moto mkali katika ombwe:

2UO₂ + B₄C + 3C → 2UB₂ + 4CO

Kaboni huichukua oksijeni na kuondoka nayo kama gesi ya monoksidi ya kaboni, na ombwe husaidia kuivuta gesi hiyo nje ili mmenyuko uendelee mbele. Uwiano wa vitu vya kuanzia ukibadilishwa, kinachopatikana hubadilika:

UO₂ + B₄C + C → UB₄ + 2CO

Vitu vya kuanzia ni vilevile vitatu, na gesi inayotoka ni ileile. Maelekezo ya maabara yatakayoandikwa kwa Kiswahili yakisema tu kwamba tunatengeneza boridi ya urani, msomaji hatajua afuate mlingano upi.

Kwa tabia, diboridi ya urani huchanganya sifa za metali na za kauri. Ni ngumu, na huyeyuka kwenye halijoto ya nyuzi za Selsiasi 2,400 hivi. Hata hivyo, hupitisha umeme kama metali. Jambo hili lina maana kubwa katika upitishaji wa joto. Katika dioksidi ya urani, ambayo ndiyo fueli ya vinu vingi vya nyuklia duniani, joto husafirishwa hasa na mitikisiko ya atomu, na upitishaji hupungua kadiri halijoto inavyopanda. Katika diboridi, elektroni husaidia kulibeba joto, na upitishaji huongezeka halijoto inapopanda. Pia diboridi imebeba urani nyingi zaidi: takriban gramu 11.6 katika kila sentimeta ya ujazo, dhidi ya gramu 9.7 katika dioksidi.

Kwa sababu hizo, baada ya ajali ya kinu cha Fukushima nchini Japani mwaka 2011, watafiti waliokuwa wakitafuta fueli zinazostahimili ajali waliirudia diboridi ya urani kwa shauku mpya. Fueli inayopitisha joto vizuri haijilimbikizii joto katikati yake. Hata hivyo ina udhaifu wake. Katika hewa yenye joto kali boridi huungua, ikaacha oksidi za urani na oksidi ya boroni:

6UB₂ + 17O₂ → 2U₃O₈ + 6B₂O₃

Oksidi ya boroni huyeyuka kwenye nyuzi 450 tu, chini sana ya halijoto ya katikati ya fueli kinuni.

5.0 KINACHOFICHWA NA JINA: ISOTOPU

Hadi hapa tumeona kwamba kiambishi cha idadi kinaondoa utata wa kwanza. Sasa tunafikia utata ambao hauondolewi hata na jina kamili la diboridi ya urani.

Urani ya asili ina hasa isotopu mbili: urani-238, ambayo ni zaidi ya asilimia 99, na urani-235, ambayo ni asilimia 0.7 hivi. Boroni nayo ina isotopu mbili, boroni-10 iliyo takriban asilimia 20 na boroni-11 iliyo takriban asilimia 80. Isotopu za boroni hazina unururifu. Unururifu wa boridi hutoka katika viini vya urani peke yake, wala kuungana na boroni hakuharakishi wala hakucheleweshi kuvunjika kwa viini hivyo. Nusu-maisha ya urani-238 ni miaka bilioni 4.5 hivi, iwe metali, oksidi au boridi.

Kikemia, boroni-10 na boroni-11 karibu hazitofautiani. Mbele ya nyutroni, tofauti yao ni kama ya usiku na mchana. Uwezo wa kiini kunasa nyutroni hupimwa kwa kizio kiitwacho barni. Kwa nyutroni za mwendo wa polepole, boroni-10 ina takriban barni 3,840, na boroni-11 haifiki hata barni 0.01. Boroni-10 inaponasa nyutroni, hugawanyika kuwa lithi na heli.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua diboridi ambayo urani yake ina asilimia 5 ya urani-235, na boroni yake ni ya asili. Kwa kila atomu moja ya urani zimo boroni mbili, na kati yake boroni-10 ni wastani wa atomu 0.4. Uwezo wake wa kunasa nyutroni ni 0.4 × 3,840, yaani barni 1,536. Urani-235 ina takriban barni 585 za kupasuka kiini; asilimia 5 yake ni barni 29 hivi. Maana yake ni kwamba kwa kila nyutroni moja ya polepole inayopasua kiini cha urani, zaidi ya 50 zinamezwa na boroni. Kitu hicho hakiwezi kuwa fueli ya kinu cha nyutroni za polepole. Ni kizima-moto.

Ibadilishe boroni iwe boroni-11 kwa asilimia 99.99, na sehemu ya boroni-10 inashuka hadi barni 0.8 hivi. Sasa kitu hichohicho, chenye fomula ileile, muundo uleule wa sega la nyuki na jina lilelile, kinaweza kuwa fueli. Kiasi kidogo cha boroni-10 kikiachwa kwa makusudi, kitatumika kupunguza nguvu ya fueli mpya na kwisha polepole. Jina "diboridi ya urani" haliwezi kumwambia msomaji ni kipi kati ya hivyo alicho nacho mkononi. Katika somo la kawaida la kemia upungufu huu hauna madhara. Katika stakabadhi ya mzigo au kanuni ya usalama, unaweza kuwa na madhara makubwa.

6.0 MAONI KUHUSU ISTILAHI

Kutokana na uchambuzi huu tunatoa maoni manne.

Kwanza, viambishi vya idadi vya Kigiriki vibakizwe. Imewahi kudhaniwa kwamba namba za Kiswahili zingefaa zaidi kwa kuwa zinaeleweka. Lakini "boridi" imo katika ngeli ya I-ZI, ambamo umbo la nomino halibadiliki katika wingi. Tukisema "boridi nne za urani" tumesema kwamba ziko boridi za aina nne, wala hatukusema kwamba iko boridi moja yenye atomu nne za boroni. Sarufi yenyewe inakataa. Zaidi ya hayo, di-, tetra- na dodeka- zina silabi wazi na hukaa katika Kiswahili bila kukarabatiwa. Heksa- ina konsonanti mbili zilizofuatana, lakini hizo tulikwisha kuzipokea katika oksijeni.

Pili, njia ya tarakimu za Kirumi isitumiwe kwa boridi. Itamfanya mwandishi ataje hali ya oksidisho isiyokuwapo.

Tatu, kihusishi cha -a kisitwikwe mzigo kisioweza kuubeba. Katika "diboridi ya urani ya boroni-11", -a ya kwanza inaonyesha elementi iliyoungana, na ya pili inaonyesha aina ya kiungo; msomaji hana alama ya kumtofautishia. Kutumia -enye hakutatui tatizo, kwa kuwa boridi na urani zimo katika ngeli moja, na "yenye" yaweza kurejelea yoyote kati ya hizo. Njia iliyo salama ni kutumia kitenzi: "diboridi iliyoundwa kwa urani yenye asilimia 5 ya urani-235 na kwa boroni-11". Maneno ni mengi, lakini hayana njia mbili.

Nne, fasili katika kamusi za kemia zisiishie katika fomula. Kidahizo cha boridi kinapaswa kusema wazi kwamba hii ni kampaundi ya metali na boroni ambamo atomu za boroni kwa kawaida huungana zenyewe kwa zenyewe, na kwamba idadi yake haitabiriwi kwa valensi. Sentensi moja ya namna hiyo ingemwokoa mwanafunzi wetu na urani yake yenye chaji 36.

7.0 HITIMISHO

Sayansi katika shule za sekondari za Tanzania imefundishwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi, na mara nyingi mjadala juu ya jambo hilo hugeuka kuwa mjadala wa idadi ya maneno: je, Kiswahili kina istilahi za kutosha? Mfano wa boridi za urani unaonyesha kwamba swali hilo halitoshi. Maneno tunayo. Boridi, urani, isotopu, fuwele na nyutroni yametosha kuyaandika makala haya. Kilichohitaji kazi ni kuyatazama maneno hayo mbele ya kitu chenyewe, na kuuliza ni wapi yanasema kweli, ni wapi yananyamaza, na ni wapi yanapotosha.

Upotoshaji tuliouona katika mlinganisho wa dioksidi na diboridi haukuzaliwa na Kiswahili. Umo katika mfumo wa kimataifa wa majina, nasi tumeurithi pamoja na viambishi vyake. Lakini anayetohoa ana nafasi ambayo mwenye lugha ya asili hana: analazimika kulipima kila jina kabla ya kulipokea. Klaproth hakuwa na mtu wa kumuuliza kama unga wake mweusi ndio urani kweli. Mwanaistilahi wa Kiswahili anao wanakemia wa kuwauliza, nao wanaye yeye. Kazi ya kamusi ijayo ianzie hapo.